Mama Geti na Kivuko cha Gereji

Na Abdulrazaki Jaha, dereva wa treni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Violeth Chidawali, Ofisa Usalama wa Njia katika treni yetu ya mjini, anatimiza miaka sitini na anastaafu, akiwa ameitumikia reli kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo amesimamisha malori, mabasi, makundi ya ng'ombe, maharusi, mheshimiwa mmoja wa Bunge na msiba wa nyumbani kwake mwenyewe. Wote hao walifika walikokuwa wakienda.

Kamati ya maandalizi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa hoja kwamba madereva wa treni hatuna kazi ngumu, hata usukani hatuna. Nimelimeza tusi hilo kwa heshima niliyonayo kwa Mama Violeth. Pia niliogopa wangempa mtu wa Utawala, ambaye angejaza kurasa nne bila kutaja hata mara moja kwamba mama huyu ni mkali.

Ni mkali. Akikukuta kwenye njia ya reli bila fulana yako ya kung'aa hakupi onyo la maandishi. Anakuuliza mbele ya watu kama una watoto, na kama unao, wanaitwa nani. Ukishataja majina ya wanao mmoja baada ya mwingine huku vijana wa bodaboda wanasikiliza, fulana ile hutaisahau tena. Mimi wangu ni wanne na nimewataja wote.

Alizaliwa Mvumi, akasoma huko huko kwenye shule za misheni, na nyumbani kwao walitarajia angekuwa muuguzi. Alijaribu. Anasema kilichomshinda si damu bali kunong'ona, maana wodini wanataka watu wanaoongea taratibu. Akaajiriwa na reli ya zamani kama mlinda geti kule Kizota, mahali ambapo barabara ya vumbi inayotoka kwenye magereji inakatiza reli. Geti lenyewe lilikuwa bomba refu la chuma lililofungiwa zege upande mmoja ili kulipa uzito. Mchana alikuwa na bendera nyekundu, usiku taa ya mkono. Mafundi wakamwita Mama Geti kabla hajawa mama wa mtu yeyote, na jina likakaa.

Kisa cha mheshimiwa wengi mmekisikia kikiwa kimetiwa chumvi, kwa hiyo nakiweka sawa hapa. Ulikuwa wakati wa kikao cha bajeti. Violeth aliambiwa treni ya abiria imeshatoka kituo cha jirani, akashusha bomba, akasimama na bendera yake. Likaja gari kubwa jeusi. Dereva akapiga honi, kisha akashuka kijana mmoja mwenye suti akasema ndani kuna mheshimiwa. Violeth akamjibu kwamba hata ndani ya treni kuna watu. Hadi hapo alikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba treni ilikuwa imeharibika njiani na haikuja. Mheshimiwa alikaa pale karibu saa nzima, mwishowe akashuka, akanunua mahindi ya kuchoma na kuzungumza na mafundi kuhusu ubovu wa barabara yao. Mafundi walifurahi sana. Violeth alipewa karipio, na anakiri lilikuwa la haki. Tangu siku hiyo hakushusha geti bila kwanza kuongea na stesheni kwa simu, na hadi leo huwafundisha vijana wetu kwamba geti linalofungwa muda mrefu bila sababu linawazoesha watu kulidharau.

Alipovuka miaka arobaini alirudi darasani kusomea usalama wa reli, akakaa benchi moja na vijana waliomwamkia shikamoo kabla ya kumwomba majibu. Alifaulu. Treni ya mjini ilipokuwa inaanzishwa na watu wakatafutwa, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo, na ndipo nilipokutana naye mimi, nikiwa dereva mgeni mwenye majivuno mengi na fulana niliyoiacha nyumbani.

Treni yetu wote mnaifahamu. Ni mabehewa mawili ya umeme yanayotoka Ihumwa, yanapita katikati ya mji na kuishia Kizota, na kuna sehemu yanakwenda sambamba na magari kama majirani. Uzuri wake ni kwamba haina moshi wala kelele. Ubaya wake nao ni huo huo wa kutokuwa na kelele. Watu wa mji huu wamelelewa na treni ya dizeli. Ile unaisikia ikiwa bado kituo cha Zuzu. Mama wa Kizota anaweza kuisikia, akamaliza kusonga ugali wake, akafunga mlango, akavuka reli na kumsalimia mtu upande wa pili kabla haijatokea. Tumezoea kuvuka reli kwa masikio. Macho tunayaacha yaangalie simu, au mzigo, au mtu tunayemdai salamu. Na sasa ikaja treni isiyosikika. Mwezi wa kwanza tu watoto waliibatiza Paka.

Aliyelipia mazoea hayo ni Makame, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda karibu na kivuko cha magereji, pale pale Mama Geti alipoanzia kazi. Alikuwa anasukuma mkokoteni wenye fremu ya geti la mtu, akasikiliza, hakusikia kitu, akavuka. Treni iligonga mkia wa mkokoteni. Fremu ikaenda upande wake na Makame upande wake, mguu ukavunjika mara mbili. Namshukuru Mungu kwamba leo anatembea na anachomelea, na ameahidi kuja kwenye sherehe. Lakini dereva aliyekuwa zamu, mwenzetu, alikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Ukiona mtu mbele ya treni unachoweza kufanya ni kukamata breki na kuomba, na breki inachukua muda wake.

Baada ya ajali hiyo uongozi ulifanya uamuzi ambao uongozi wowote ungefanya. Kivuko cha Gereji kifungwe, uzio ujengwe pande zote mbili za reli, na watu wakavukie kwenye daraja la barabara kuu. Nguzo zilikuja na kulazwa kando ya njia. Kwa asiyepajua, upande mmoja wa kivuko kuna magereji, mashine ya kusaga na soko dogo, na upande wa pili kuna nyumba, zahanati na shule ya msingi. Daraja liko mbali. Mama mwenye mtoto mgongoni na debe la mahindi kichwani, jua la Oktoba linawaka, hatakwenda darajani.

Mama Violeth alisimama kwenye kikao na kusema hivyo. Hakubembeleza. Alisema, "Mkiweka uzio mtafunga kivuko kimoja na kufungua ishirini. Watautoboa, na kila tundu litakuwa halina taa wala mlinzi."

Meneja wetu, Bi. Cecilia, si mtu wa kutishwa na sauti. Alimjibu, "Na akigongwa mwingine, Mama Violeth, mimi ndiye nitakayekwenda kukaa na wafiwa. Nitawaambia nini?"

Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Mwishowe walifikia makubaliano. Kivuko kijengwe upya kwa namna ambayo Mama Violeth na mhandisi wetu Tumsifu wataona inafaa, na kiachwe wazi hadi tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mama kazini. Treni ikimgonga mtu yeyote kabla ya siku hiyo, ujenzi wa uzio unaanza kesho yake. Isipogonga mtu, kivuko kinabaki. Ndivyo mama alivyoingia mwaka wake wa mwisho. Wengine hutumia mwaka huo kutafuta mafaili ya pensheni na kulala baada ya chai ya saa nne.

Hakuanza vizuri. Dawa yake ya kwanza ilikuwa honi. Kama watu wanavuka kwa masikio, alisema, wapewe cha kusikia. Tumsifu alimwambia haitasaidia, lakini nani angemzuia? Tukapiga honi kila tulipokaribia, kuanzia alfajiri. Wiki ya kwanza kila mtu alishtuka. Wiki ya pili waliacha kugeuza shingo, na walimu wakaja kulalamika kwamba watoto wanashindwa hata kusikia swali. Nakumbuka alivyokwenda kwenye meza ya Tumsifu mbele yetu sote akasema, "Mwanangu, umenishinda. Haya, lete hiyo kona yako."

Kona ya Tumsifu ndiyo mnayoiona leo. Njia ya waenda kwa miguu haiendi tena moja kwa moja hadi kwenye reli. Inakunja kati ya vyuma viwili, kiasi kwamba kabla hujakanyaga reli mwili wako umeshageuzwa kuelekea upande treni inakotokea, kisha inakunja tena kukugeuza upande wa pili. Unaweza kuwa unawaza mapenzi, unaweza kuwa na simu sikioni, macho yako yatapelekwa tu. Mikokoteni ilipewa njia yake pana, yenye kona zilizolegea zaidi. Barabara ikapata matuta, taa nyekundu na kizuizi kinachojishusha chenyewe, na sisi madereva tukaamriwa kupunguza mwendo kuanzia mbali. Tulinung'unika, kwa sababu dereva wa treni hupenda kuwahi, lakini tulitii.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mdomo, na hapo mama alikuwa nyumbani. Kibanda cha mama lishe Anyesi kilikuwa kinaziba sehemu ambayo dereva wa gari angeweza kuniona nikija. Anyesi amepika pale miaka mingi na hakutaka kusikia habari ya kuhama. Walizozana kwa wiki nzima, kwa Kigogo na Kiswahili, huku mama akiendelea kula pale kila mchana kana kwamba hakuna ugomvi. Siku ya Ijumaa Anyesi alihamisha meko yake mwenyewe hadi ng'ambo ya kituo cha bodaboda, na sasa anauza zaidi kuliko zamani. Bado anadai alihama kwa hiari.

Vijana wa bodaboda walikuwa na mtihani wao. Kwao kizuizi kilikuwa kitu cha kuinamia na kupita chini yake. Mama hakuwahubiria. Alimchukua Iddy, mwenyekiti wa kijiwe chao, akampandisha kwenye kabini yangu wakati wa majaribio ya asubuhi ambapo hatubebi abiria. Tuliweka pipa tupu pembeni mwa njia, nikamwambia Iddy kwamba pipa hilo ni pikipiki, na nitakamata breki tukiwa tunaliona vizuri. Nikakamata. Pipa likatupita, likabaki nyuma, na bado tulikuwa tunakwenda. Iddy alishika ukingo wa kiti mpaka tuliposimama. Kisha akauliza, "Mzee Jaha, hivi siku zote ndivyo ilivyo?" Nikamwambia siku zote. Jioni hiyo kijiwe kilipitisha sheria kwamba atakayepita chini ya kizuizi haruhusiwi kupakia abiria kwa wiki moja, na wamewahi kumfungia hata mdogo wake Iddy.

Hadi kufika Novemba tuliamini tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumesahau misafara.

Ndugu msomaji, unajua na mimi najua kwamba msafara haukatwi. Uwe wa harusi au wa msiba, magari yanafuatana bampa kwa bampa, na dereva anayeruhusu gari la mtu baki kuingia katikati atasemwa mwaka mzima. Huangalii taa. Unaangalia gari lililo mbele yako na kulifuata. Jumamosi moja ya Desemba nilikuwa naingia Kizota nikaona kirikuu iliyopakia wapiga matarumbeta inavuka, nyuma yake gari la maharusi lenye maua, nyuma yake wazazi. Taa ilikuwa inawaka nyekundu. Magari yakaendelea kuja. Kizuizi kilishuka juu ya paa la Noah moja, na Noah hiyo haikusimama, ilikivunja na kuendelea kuwafuata wenzake. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapunguza mwendo nilisimama kabla ya kivuko, sitasema kwa umbali gani, mke wangu atasoma haya. Mshereheshaji akadhani nimesimama kwa heshima ya bibi harusi. Wapiga tarumbeta wakanigeukia wakanipigia wimbo mzima. Niliwapungia mkono nikiwa nimekaa.

Mama Violeth alikuja kesho yake, Jumapili, akiwa na nguo za kanisani, akakitazama kizuizi kilichovunjika. Alisema tumemfundisha mwenye miguu na tumemfundisha dereva, lakini mtu aliye kwenye msafara si huyu wala yule. Ni behewa. Anavutwa tu na aliye mbele. Kwa hiyo ni lazima wa mbele awe na mahali pa kumsubiri wa nyuma.

Wakatengeneza, yeye na Tumsifu, sehemu pana ya kusimama kila upande wa reli. Magari yaliyokwisha kuvuka yanaegesha pale na kungoja yaliyobaki, kisha msafara unaondoka ukiwa mzima. Alizunguka na habari hiyo kwenye kamati za harusi, makanisani, misikitini, na kwa wapiga matarumbeta wote anaowajua na asiowajua. Kwa wabishi alikuwa na jibu moja: treni nayo ni msafara na inasimama kila kituo, wa kwenu ni wa nani hata usisimame? Harusi zilikubali upesi, kwa sababu watu wa harusi wanapenda sababu ya kushuka kwenye magari. Siku hizi treni ikipita wanacheza pale pale, na Anyesi huwauzia maji na soda. Kuna kamati moja ilituma mtu ofisini kuulizia ratiba ili maharusi wao wahakikishe wanasimamishwa.

Misiba ilikuwa habari nyingine. Nani atamwambia mfiwa asimame? Gari lenye mwili likishapita, walio nyuma wanaona kubaki ni kumtupa marehemu. Mama alisema na wachungaji na mashehe, wote wakakubali kwa kichwa, na misiba ikaendelea kupita kwenye taa nyekundu huku mimi nikikamata breki. Alijua kwamba hapo ndipo kivuko kitakapofungwa. Alisema hivyo waziwazi Machi yote na Aprili yote.

Mwezi Mei alifariki shemeji yake, Yotham, kaka wa mume wake, aliyekuwa akiishi upande wa shule. Mazishi yalikuwa Bahi, na njia ya kutokea barabara kuu inapita Kivuko cha Gereji. Mume wa Mama Violeth alipanda gari la mbele pamoja na mwili wa kaka yake. Mama alikuwa kwenye Kosta iliyofuata, na wanawake na watoto wa ukoo, akiwa amekaa na wifi yake Gladness, dada wa marehemu.

Gari la mbele lilikuwa limeshavuka taa ilipowaka. Dereva wa Kosta, kama dereva yeyote wa msiba, aliendelea kwenda. Mama akamwambia asimame. Gladness akapiga kelele, "Violeth, unamwacha kaka yangu aende peke yake!" Mama akajibu, "Haendi peke yake. Dereva, simama." Dereva akasitasita, gari likawa linajivuta bado. Mama akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele.

Mimi ndiye niliyekuwa zamuni. Niliona kwanza gari la msiba, lenye majani mbele, limeegesha sehemu ya kungojea, taa zake zinawaka. Kisha upande wa pili nikaona Kosta, na mbele ya bampa lake mwanamke amejifunga khanga, ameipa treni mgongo, amenyoosha mikono miwili. Nyuma ya Kosta magari yote yamesimama. Nilipunguza hadi mwendo wa mtu anayetembea. Nilipofika usawa wao ndipo nilipomtambua. Hakuniangalia. Alikuwa analia, na mikono bado ameinyoosha. Niliwapitisha abiria wangu pale, nikafika kituoni, nikawafungulia milango, kisha nikakaa kwenye kabini nikalia na mimi.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Msafara uliungana ukaenda Bahi, lakini makaburini Gladness hakumsemesha wifi yake, na matanga yote yalipita hivyo. Palisemwa kwamba Violeth amelinda kazi yake kuliko ndugu, kwamba alikuwa anahesabu siku zake za kustaafu huku watu wanazika. Aliporudi kazini nilimuuliza kama siku ile alikuwa anaufikiria uzio. Angeweza kukataa na ningemwamini. Alisema aliufikiria. Alifikiria watoto waliokuwa kwenye Kosta, na uzio, na mume wake aliyekuwa ng'ambo na maiti ya kaka yake akigeuka nyuma kuona kama wanakuja. Kisha akaniuliza kama nimevaa fulana.

Wiki chache baadaye ukatokea msiba mwingine mtaa ule ule. Gladness alikuwa kwenye gari la wanawake, kama jirani. Iddy na wenzake walikuwa kijiweni, wakaona yote kwa macho yao na kusikia kwa masikio yao, kwa sababu madirisha yalikuwa wazi. Gari la mwili lilivuka, taa ikawaka, dereva akataka kufuata. Gladness akamshika bega akamwambia, "Simama, baba. Marehemu atatungoja. Wa kwetu alitungoja." Gari likasimama, na yaliyokuwa nyuma yakasimama. Gari la mbele likaegesha lenyewe, bila kuambiwa na mtu, na kina mama wakaimba hadi treni ilipopita.

Iddy alikimbiza pikipiki hadi ofisini kumpa Mama Violeth habari hiyo. Kwa kumbukumbu, alikuwa amevaa kofia ngumu. Kesho yake Gladness alikuja mwenyewe na kilo kadhaa za mchele wa Bahi. Walikaa kwenye benchi la nje wakazungumza kwa sauti ya chini, na ingawa nusu ya ofisi ilijikuta ghafla ina kazi karibu na dirisha, hatukuambulia kitu. Tuliona tu kwamba waliondoka wameshikana mikono. Sasa kila ukitokea msiba upande ule wanamwita Gladness apande gari la pili, na hakuna ofisa wetu anayeweza kusema maneno yale kama anavyoyasema yeye.

Wiki iliyopita Bi. Cecilia alikwenda kivukoni, akawaita wakazi na mafundi, akatangaza kwamba Kivuko cha Gereji hakitafungwa. Mama Violeth, kwa ubishi wake, alimkumbusha kwamba tarehe 30 bado haijafika na makubaliano ni makubaliano. Bi. Cecilia akamwambia kwamba hataki tena jambo hili litegemee bahati ya siku chache. Hata likitokea la kutokea, alisema, tutakirekebisha kivuko, hatutawafungia watu njia. Shule imepewa nguzo za uzio ili iwazungushie watoto uwanja wao. Watu walipiga vigelegele. Makame alipunga fimbo yake hewani kwa furaha, ingawa haihitaji tena na huitembeza kwa mapozi tu. Mama alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza ni nani atakayebadilisha taa ya upande wa soko inayopepesa. Tumsifu ameibadilisha.

Anakwenda kuishi Bahi na mume wake, walime mpunga na kumsumbua afisa ugani badala yetu. Nafasi yake kazini itajazwa, kwa sababu nafasi hujazwa, lakini sitaki kuwadanganya kwamba sitamkosa. Kila ninapoingia Kizota natafuta kwa macho kama yupo, na nikimwona natulia. Sijawahi kumwambia hivyo, basi ndiyo nimemwambia.

Mama Geti, kwa niaba ya madereva, mafundi wa njia, wakata tiketi, watu wa Utawala niliowachokoza hapo juu, na mtaa mzima wa magereji, asante. Mungu akupe afya, akupe mvua za kutosha na usingizi mzito. Tangu tulipokijenga upya kile kivuko, hakuna nyumba Kizota iliyokaa matanga kwa sababu ya treni yetu.